Dozi ya dawa za kulegeza misuli kwa mgonjwa wa mashine ya kupumulia

Dawa hizi hukata mawasiliano kati ya neva na misuli, pamoja na misuli ya kupumulia. Mtu ambaye mapafu yake yameshindwa kazi vibaya hushindana na mashine, na mvutano huo huzidi kuyaumiza. Akilegezwa, mashine husukuma hewa bila upinzani. Lakini dawa hizi hazimlazi mtu wala hazimwondolei maumivu, hivyo usingizi mzito lazima utangulie. Mgonjwa wa Kiseke, Ilemela, anayefikia hali hiyo hupelekwa Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971, na huko ndiko swali la dozi huwa zito.

Dozi inayonukuliwa zaidi ilitoka Ufaransa. Mwaka 2010 Papazian na wenzake waliwapa wagonjwa sisatrakuriamu, mojawapo ya dawa hizi, miligramu 15, kisha 37.5 kila saa kwa saa 48, bila kujali uzito. Katika wagonjwa 340, waliofariki ndani ya siku 90 walikuwa asilimia 31.6, dhidi ya 40.7 kwa wasiopewa, na tofauti hiyo ilithibitika tu baada ya kuzingatia ukali wa ugonjwa. Mwaka 2019 utafiti wa Marekani uitwao ROSE, wenye wagonjwa 1,006, ulitumia dozi ileile na haukuona nafuu: asilimia 42.5 dhidi ya 42.8, huku kundi la kulinganishia likiwa na usingizi mwepesi. Watafiti wa Ufaransa walizuia vipima-neva, vifaa vinavyoonyesha misuli imelegea kiasi gani, ili isijulikane nani kapewa dawa. Kwa hiyo 37.5 ni kiwango kilichofaa utafiti; hakuna aliyethibitisha kwamba ndicho bora. Kwa mtu wa kilo 50 ni mikrogramu 12.5 kwa kilo kwa dakika, na kwa wa kilo 100 ni nusu yake. Dozi ya kawaida ya kuendeleza ni 1 hadi 3. Ukimpa huyo wa kilo 50 mikrogramu 2 kwa kilo kwa dakika, saa 48 zitatumia miligramu 288, si 1,800. Palipo na akiba ndogo, tofauti hiyo ni tiba ya mgonjwa wa pili, wa tatu, hata wa sita.

Wapo wanaosema kurekebisha dozi kwa kupima ulegevu wa misuli kunataka kifaa na muuguzi wa kukaa kando ya kitanda, na kwamba kidole gumba hulegea kabla ya kiwambo cha kupumulia. Hoja ya pili ni ya kweli, na ndiyo sababu kipimo kikuu kiwe mgonjwa mwenyewe: akiacha kushindana na mashine, dozi imetosha, hata kama kidole bado kinacheza. Jambo hilo huonekana kwenye mawimbi ya mashine. Penye uhaba wa pampu, dozi za vipindi zinazorudiwa mvutano unaporejea zinakubalika. Kosa la kuogopwa ni kunakili miligramu kutoka dawa moja hadi nyingine: atrakuriamu ina nguvu ya takriban theluthi moja ya sisatrakuriamu, huanzia mikrogramu 5 hadi 10 kwa kilo kwa dakika, na huweza kushusha presha ikisukumwa haraka. Vekuroniamu hujikusanya mwilini figo au ini likidhoofika, kwa hiyo dozi zake zipishane zaidi, na kila siku dawa isimamishwe kwa muda, usingizi ukibaki palepale, hadi misuli ionyeshe dalili ya kurudi.