Kidonge cha Kila Siku

Mtu wa Griftu moyo ukimsumbua, safari ni Wajir mjini kwanza, halafu Nairobi. Huko anawekewa stenti, kijibomba cha waya kinachoshikilia mshipa usizibe. Zile za zamani zilikuwa chuma tupu. Kovu likaota ndani, mshipa ukajibana tena. Ndipo Cypher, iliyopakwa dawa ya kuzuia kovu, ikaruhusiwa Marekani mwaka 2003. Taxus ikafuata 2004. Madaktari wakashangilia, na walikuwa na sababu.

Kumbe dawa ile ile ilichelewesha ngozi ya ndani ya mshipa kufunika chuma. Septemba 2006, mkutanoni Barcelona, likazuka zogo: damu inaweza kuganda ghafla ndani ya stenti, hata mwaka mzima ukishapita. Ni nadra, lakini si mchezo, mara nyingi huua. Desemba, jopo la FDA likakaa siku mbili, na ushauri ukawa aspirini pamoja na klopidogreli kwa miezi 12, kwa asiye na hatari ya kuvuja damu.

Stenti za leo ni salama zaidi. Vidonge bado ni vya kila siku. Kwa hiyo kabla ya kupanda basi la kurudi, muulize daktari: vikiniishia Griftu, nitavipata wapi?