Boti za Wikipedia: nani alizitengeneza, na sisi tumo?

Vijana wenzangu, na nyie wadau mnaofanya kazi nasi, leo tuongee historia isiyo na mfalme wala vita. Ni ya watu waliotengeneza kifaa kimoja kwa pamoja, wengi wao bila kuonana uso kwa uso. Kifaa chenyewe kinaitwa boti. Msifikirie ile ya kuvuka Ziwa Tanganyika! Hii ni programu inayoingia Wikipedia na kuhariri kurasa kwa maelfu, kazi ambayo mtu angeifanya kwa mkono mpaka achoke.

Wikipedia ilianza Januari 2001. Oktoba 2002 mhariri mmoja wa Marekani alileta boti iliyoitwa rambot. Alichukua takwimu za sensa ya nchi yake ya mwaka 2000, akaandaa sentensi zenye nafasi wazi, boti ikajaza: jina la mji, idadi ya watu, ukubwa wa eneo, kipato. Kwa muda mfupi zikapatikana makala kama 30,000 za miji na vijiji vya Marekani. Wengine walishangilia. Wengine walilalamika kwamba kila ukifungua makala ya kubahatisha unaletewa kamji usichokijua. Mabishano ya namna hiyo yalisaidia kuleta kanuni zinazofuatwa mpaka leo kwenye Wikipedia nyingi: boti iombe kibali, iwe na akaunti yake, isikimbie kupita kiasi, na mwenye nayo aitwe ajibu ikiharibu.

Lakini rambot ilikuwa ya mtu mmoja. Hatua kubwa ilikuja 2003, wahariri walipoanza kukusanya msimbo wao sehemu moja. Msimbo ni yale maelekezo ambayo kompyuta inayafuata. Waliuandika kwa lugha ya Python, mradi ukaitwa Pywikipediabot, na baadaye Pywikibot. Waliutoa kama programu huria, yaani yeyote anaweza kuuchukua bure, kuusoma, kuubadilisha na kuwapa wengine. Mmoja akiziba tundu, wote wanapona.

Na matundu yalikuwepo mengi. Mwanzoni boti zilisoma ukurasa kama jicho la mtu linavyouona. Wikipedia ikibadilisha sura kidogo tu, boti inapotea. Baadaye watengenezaji wa MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, waliwawekea boti mlango wao maalumu wa kuingizia na kutolea data. Kazi ikawa nyepesi.

Sasa tuangalie kazi iliyozichosha boti kuliko zote: viungo vya lugha, yale maneno ya pembeni yanayokupeleka kwenye makala ileile kwa Kifaransa au Kiarabu. Zamani kila lugha ilijiandikia viungo vyake. Hebu tupige hesabu. Makala ikiwepo kwa lugha 100, kila ukurasa unahitaji viungo 99, jumla 9,900. Akija Mswahili akaandika ya 101, kurasa 100 lazima zibadilishwe ndipo wajue kwamba yake ipo. Nani angefanya hivyo kwa mkono? Boti za Pywikibot ndizo zilizokuwa zikizunguka usiku na mchana kuunganisha. Kwa lugha yenye wahariri wachache kama Kiswahili, ambayo Wikipedia yake ilianza 2003, huo ulikuwa msaada mkubwa. Kijana alimaliza makala yake, na bila kumjua mtu yeyote ng'ambo, makala ikaunganishwa na dunia.

Kulikuwa na vurugu pia. Boti moja inaweka kiungo, nyingine inakitoa, miaka inapita. Mwaka 2017 watafiti wa Uingereza walitoa utafiti kuhusu boti zinavyogombana. Watafiti wengine wakajibu kwamba sehemu kubwa haikuwa ugomvi, ilikuwa usafi wa kawaida wa viungo hivyohivyo.

Dawa ilipatikana kwa kubadilisha mpango mzima. Oktoba 2012 ilizinduliwa Wikidata, ghala moja la kutunza viungo vya lugha zote. Wahungaria walikuwa wa kwanza kuutumia utaratibu huo, Januari 2013, na kufikia Machi ulikuwa umefika kwenye Wikipedia za lugha zote. Boti zikapewa kazi ya mwisho katika eneo hilo: kufuta mamilioni ya viungo ambavyo zenyewe zilikuwa zimeviweka. Waliozitunza kwa miaka kumi hawakung'ang'ania. Waliona njia bora, wakaupeleka msimbo wao kwenye kazi nyingine.

Kwa nini nawaandikia haya? Kwa sababu boti inaandika kile tu kilichokwisha kuhesabiwa na mtu. Miji midogo ya Marekani ilipata makala mapema kwa kuwa sensa yao ilikuwa wazi na imepangwa vizuri. Wikipedia ya Kicebuano, lugha ya Ufilipino, ina makala zaidi ya milioni 6, nyingi mno zikiwa zimeandikwa na boti ya Mswidi Sverker Johansson. Ilitegemea hifadhidata za majina ya mahali, na makosa yaliyokuwa humo yakaingia nayo kwenye makala. Sasa jiulize: soko la kambi, shule iliyoanzia chini ya mti, kijiji ulichokimbia ambacho jina lake limeandikwa vibaya kwenye ramani, boti itavitoa wapi? Haina pa kuvitoa. Lazima mtu aandike kwanza, tena kwa chanzo kinachoaminika.

Na mlango wa kuingilia haujafungwa. Zamani ulihitaji kompyuta yako mwenyewe ya kuendeshea Pywikibot. Siku hizi Wikimedia wana huduma iitwayo PAWS: ukiwa na akaunti na kivinjari, unaandika msimbo na unaendeshwa kwenye seva zao, bure. Kompyuta ya pamoja pale kituo cha vijana inatosha, mradi intaneti ipo. (Kibali cha wahariri wa lugha husika bado unakihitaji, msije mkafungiwa!) Asiyejua Python naye ana nafasi: ujumbe mfupi ambao Pywikibot inauacha baada ya kuhariri hutafsiriwa na watu wa kujitolea kwenye translatewiki.net, na Kiswahili chetu tunakijua.

Wadau, mnapopanga mafunzo ya kompyuta, fikirieni jambo hili. Kijana akifundishwa kuandika barua ya kazi, ni vizuri. Akifundishwa pia kusoma na kurekebisha kifaa ambacho dunia nzima inakitumia, jina lake linabaki kwenye kumbukumbu za mradi, na hakuna atakayemuuliza ana kitambulisho cha nchi gani.

Haya, tuambizane: ni mahali gani unapopajua wewe ambapo bado hapana makala kwa Kiswahili?