Halua ya Matufaha

Katika jimbo la Washington, kaskazini-magharibi ya Marekani, upo mji mdogo uitwao Cashmere, kando ya mto Wenatchee. Hapo kwanza uliitwa Mission. Mwaka 1904 ukapewa jina la Kashmir, bonde la huko Asia lisifiwalo kwa uzuri wake. Bonde la Wenatchee hustawisha matufaha mno, na wingi nao una taabu zake.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini waliingia Marekani Waarmenia wawili, Armen Tertsagian na Mark Balaban, wakitoka katika milki ya Waturuki. Walikutana mjini Seattle, wakashirikiana. Walijaribu kutengeneza maziwa ya mgando. Wamarekani wa siku zile hawakuyapenda. Wakafungua hoteli ya vyakula vya kwao, nayo ikafa. Hatimaye walinunua shamba la matufaha huko Cashmere, wakaliita Liberty Orchards, yaani Mashamba ya Uhuru, kwa heshima ya nchi iliyowapokea. Nadhani mtu aliyezaliwa Mwarmenia katika milki ile hakuliandika neno hilo kwa kupamba mlango tu.

Basi, tunda lililoiva halimngoji mnunuzi. Likichubuka kidogo halina soko, na shamba lina maelfu yake. Wale wawili wakatafuta njia ya kuyatumia matufaha yaliyozidi, wakakumbuka lokumu, kitamutamu cha utotoni mwao. Msomaji wa Lamu au Mombasa hahitaji maelezo marefu, kwani halua yetu ni jamaa yake: wanga na sukari, moto, na mkono usiochoka kukoroga. Tofauti ni kwamba halua hutiwa samli, ilhali lokumu huachwa igande, ikakatwa vipande na kunyunyiziwa sukari laini. Waarmenia wetu walitia tufaha na kokwa za jozi. Hiyo ndiyo Aplets, iliyoanza kuuzwa mwaka 1920. Baadaye ikafuata Cotlets, ya aprikoti. Maonyesho makubwa ya Seattle ya mwaka 1962 yaliieneza sifa yake mbali, na kwa miaka iliyofuata vikaongezwa vitamu vingine vya matunda, hata vilivyovikwa chokoleti.

Mji nao ulifaidi. Kiwanda kiliwapa watu kazi, na watalii walikuja kukitazama. Lakini afaidiye huwa pia ategemeaye, na mwaka 1997 jambo hilo lilidhihirika. Kampuni iliutaka mji uandike katika vibao vya barabarani na katika barua zake rasmi kwamba Cashmere ndiyo nyumbani kwa Aplets na Cotlets. Tena ilitaka kuuziwa jumba la baraza la mji. La sivyo, ingehamia kwingine. Je, jina la mji ni mali ya nani? Ya wakazi wake, au ya yule awapaye wengi wao riziki? Wako waliosema kuwa huko ni kushurutishwa, nami siwezi kuwalaumu. Wala si ajabu mfanyabiashara kutaka jina lake lionekane njiani. Kampuni haikuhama.

Mwezi wa Machi 2021, jamaa ya waanzilishi ilitangaza kwamba itakifunga kiwanda, kwa kuwa ilitafuta mnunuzi isimpate. Mwaka huo huo mnunuzi akatokea, kampuni ya KDV Group, na majungu yakaendelea kuchemka Cashmere, mikononi mwa wageni.