Ibo: Mji wa Kale Ng'ambo ya Ruvuma

Mwanafunzi wa Kiswahili aliyeko Hamburg, akitaka kuona mji wa kale wa Kijerumani, hana safari ndefu. Lübeck iko karibu. Atatazama majengo ya matofali mekundu yaliyoachwa na wafanyabiashara wa zamani. Ataingia kanisa la Mtakatifu Maria, ambako Buxtehude alianza kupiga kinanda mwaka 1668, na ambako kijana Bach alikwenda kumsikiliza mwaka 1705. Kisha atatoka nje kutazama mito na mashamba, kwani mji wenyewe wa kale umezungukwa na maji pande zote.

Majengo, muziki na mandhari. Mambo hayo matatu yanapatikana pia katika mji wa kisiwa ulio karibu nasi zaidi, nao ni Ibo, katika funguvisiwa la Quirimbas, mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Hata hivyo, ni walimu wachache wa Kiswahili wanaoutaja darasani. Ramani nyingi za "eneo la Waswahili" tunazowaonyesha wanafunzi huishia Mto Ruvuma, kana kwamba lugha ilifika ukingoni ikaogopa mamba.

Mpaka huo una historia yake, na wazungumzaji wa lugha hawakushirikishwa. Desemba 1886 Ujerumani na Ureno zilikubaliana kwamba Ruvuma itenganishe nchi walizojitwalia. Mapema mwaka 1887 Wareno waliivamia Ghuba ya Tungi, ambayo Sultani Barghash wa Zanzibar aliihesabu kuwa yake. Nao Wajerumani, ambao mwaka 1886 waliuona mto kuwa mpaka mzuri, mwaka 1894 walivuka wakachukua Kionga, kipande kidogo cha ardhi kusini mwa mdomo wa Ruvuma. Wareno walikirudisha mikononi mwao mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mtu aliyezaliwa Kionga miaka ya 1880 aliweza basi kubadilishiwa bendera mara kadhaa bila kuhama nyumba yake wala kubadili lugha ya nyumbani.

Kutoka Kionga mwambao unateremka kusini kupitia Palma, Mocímboa da Praia na Pangane hadi Quissanga, na mbele ya Quissanga ndipo kilipo kisiwa cha Ibo. Wenyeji wa mwambao huu ni Wamwani, na lugha yao ni Kimwani. Anayeijua mwani ya baharini asidhani kwamba watu hawa wamepewa jina la mmea: maana yake ni watu wa pwani. Lahaja ya Ibo huitwa Kiwibo. Nurse na Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993 kuhusu Kiswahili na lugha za Kisabaki, waliona kwamba Kimwani kilitokana na Kiswahili kilichoshuka kusini kikachanganyikana na lugha za bara zilizo jirani na Kimakonde. Wapo wanaokiita lahaja na wapo wanaokiita lugha kamili. Mimi naona mjadala huo umetuchelewesha, kwa sababu kila upande unasubiri mwenzake ashindwe kabla ya kwenda kusikiliza.

Tuanze na majengo, maana ndiyo yanayomlaki mgeni. Ngome kubwa ya Mtakatifu Yohana Mbatizaji ilijengwa kwa umbo la nyota na ina tarehe ya 1791. Zipo nyingine mbili ndogo, ya Mtakatifu Yosefu na ya Mtakatifu Antonio, na lipo kanisa jeupe mbele ya uwanja. Nyumba za matajiri zimepangwa kando ya njia pana. Kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, na mbele ya kila nyumba upo ukumbi wa wazi wenye nguzo ambao Wareno huuita varanda. Aliyekulia Lamu au Unguja atauita baraza, naye hatakuwa amekosea, kwani kazi yake ni ile ile: kukaa kivulini, kupokea mgeni asiyestahili kuingia ndani, kusikia habari za njiani. Ustadi wa matumbawe na chokaa ulikuwapo katika mwambao huu wa Waswahili kabla Vasco da Gama hajapita. Mtaa wa mawe uliitwa Cimento, yaani saruji. Wenyeji wengi waliishi katika nyumba za miti, udongo na makuti, kwenye mitaa ya Rituto na Kumwamba, na jina hili la pili halimpi taabu Mswahili yeyote anayeujua mwamba.

Vitabu vya watalii huisifu Ibo kuwa mji wa Kireno. Sifa hiyo ina ukweli nusu. Kabla ya Ibo kuwa na neno, kisiwa jirani cha Quirimba kilikuwa na mji wa wafanyabiashara Waislamu, nao Wareno waliushambulia na kuuchoma mwanzoni mwa miaka ya 1520 kwa sababu wenyeji walifanya biashara bila kuwatii. Wareno hao hao waliviita visiwa hivi Maluane, na kwa jina hilo wakaziita nguo zilizofumwa huko na kutiwa rangi ya nili. Padre João dos Santos, Mdominiko aliyeishi Quirimba miaka ya 1590, alieleza maisha ya visiwa hivi katika kitabu chake kilichochapwa mwaka 1609. Kwa hiyo ngome ya nyota ilipokamilika, mwambao huu ulikuwa na karne kadhaa za kufuma, kusafiri na kuuza.

Tena hatuwezi kuzitazama nyumba hizo za nguzo bila kuuliza fedha zilitoka wapi. Katika nusu ya pili ya karne ya 18 Ibo ilinenepa kwa kuuza watu. Wafaransa wa Mauritius na Réunion walihitaji watumwa wa kulima mashamba yao, na majahazi yaliwachukua hapo. Ureno ilipiga marufuku usafirishaji wa watumwa mwaka 1836, lakini biashara iliendelea kwa siri kwa miaka mingi baadaye, kwani mikoko ya visiwa hivi inaficha mengi. Mwanafunzi akisifu upana wa baraza, mwalimu amkumbushe ni nani waliopitishwa mbele yake.

Ngome nayo haikuishia kuwa ngome. Wakati wa vita vya ukombozi, 1964 hadi 1974, serikali ya kikoloni iliwafunga humo wapinzani wake. Hapa pana somo zuri la etimolojia. Neno letu gereza linatokana na igreja ya Kireno, yaani kanisa. Lilipoingia Kiswahili likawa ngome, kisha likawa jela. Huko Ibo kanisa, ngome na jela vyote vipo kwa umbali wa mwendo mfupi, na mtu anaweza kuifuata historia ya neno hilo kwa miguu. Siku hizi lango la ngome linajulikana zaidi kwa masonara wanaofua mikufu na vipuli vya fedha kwa nyuzi nyembamba mno, kazi inayohitaji macho ya ujana na subira ya uzee.

Kuhusu muziki, ngoma inayotajwa zaidi ni tufo, ambayo huchezwa na wanawake waliovaa sare. Jina lenyewe linakumbusha dufu, na matari yanayopigwa yanathibitisha undugu huo. Asili yake inahusishwa na maulidi na tarika za Kiislamu zilizoenea kutoka Komoro, Kilwa na Zanzibar. Baadaye ikaingia harusini na katika sherehe za taifa. Wachezaji hujipaka usoni msiro, unga mweupe wa mti uliosagwa juu ya jiwe kwa maji, na anayeifahamu liwa ya Unguja hahitaji maelezo zaidi.

Mandhari ya Ibo inatawaliwa na maji. Mashua kutoka bara, upande wa Quissanga, hupita katika mikono ya bahari katikati ya mikoko, na sharti zisubiri maji yajae. Yakipwa, mtu anaweza kuvuka kwa miguu hadi Quirimba. Kisiwani humea kahawa ya kienyeji yenye kafeini kidogo, ambayo watu huichuma uani mwao. Mwaka 2002 eneo hili liliwekwa chini ya Hifadhi ya Taifa ya Quirimbas. Maji haya machache ndiyo pia yaliyouporomosha mji: meli kubwa za mvuke hazikuweza kukaribia, na mwanzoni mwa karne ya 20 Kampuni ya Niassa, iliyotawala kaskazini kwa hati ya mwaka 1891, ilihamishia makao yake Porto Amélia, penye ghuba yenye kina, ambapo sasa ni Pemba. Ibo ikabaki na kuta zake kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja ya kuzibomoa.

Kuta hizo zilijaribiwa vikali tarehe 25 Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipopiga. Nyumba nyingi za makuti zilisombwa, na mapaa ya nyumba za mawe yaling'oka. Kabla ya hapo, tarehe 5 Oktoba 2017, vita vilikuwa vimeanza Mocímboa da Praia. Mji huo ulikaa mikononi mwa waasi kuanzia Agosti 2020 hadi Agosti 2021, na Palma ilishambuliwa Machi 2021. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia makwao. Mwaka 2020 mashua zilizojaa familia zilifululiza kutua ufukweni Paquitequete, mtaa wa kale wa Wamwani mjini Pemba, na nyingine zikakimbilia Ibo. Safari ya kwenda huko tangu wakati huo inataka kuuliza kwanza hali ya usalama. Kwa mtafiti wa lugha kuna jambo jingine la kuuliza: vijiji vikishatawanyika, wazee wa Kimwani wanawasimulia nani, na kwa lugha gani?

Lakini kuna sehemu ya Ibo inayoweza kufikiwa bila mashua. Katika Hifadhi ya Nyaraka za Historia ya Msumbiji, mjini Maputo, zimo barua za karne ya 19 ambazo masultani, mashehe na wakuu wa mwambao wa kaskazini waliwaandikia maofisa wa Kireno. Zimeandikwa kwa hati za Kiarabu, na nyingi lugha yake ni Kiswahili. Serikali ya Ureno ililazimika kuajiri mkalimani rasmi, aliyeitwa "lugha ya dola", ili kuzisoma. Liazzat Bonate na Chapane Mutiua wamekwisha kutuonyesha thamani yake. Mwandishi wa barua anaanza kwa salamu ndefu za adabu, anamsifu gavana, halafu anaingia katika jambo lake: ushuru, mpaka, mtumwa aliyetoroka, jirani mkorofi. Mwanafunzi wetu mwenye Kiswahili kizuri akijifunza hati za Kiarabu na Kireno kidogo, anaweza kuanza na barua moja muhula ujao.