Kraków: Mji mkongwe ulionusurika vita, lakini si watu wake wote

Kila saa, mchana na usiku, mpiga tarumbeta hupiga wimbo mfupi kutoka mnara mrefu wa Kanisa la Mtakatifu Maria mjini Kraków, kusini mwa Poland. Huurudia mara nne, akielekea pande nne za dunia, na kila mara wimbo hukatika ghafla. Wenyeji husimulia kwamba mlinzi wa zamani, aliyekuwa akiwatahadharisha watu juu ya wavamizi wa Kitatari, alipigwa mshale kooni kabla hajaumaliza. Tangu mwaka 1927 redio ya taifa ya Poland imekuwa ikiurusha wimbo huo saa sita mchana.

Kisa cha mshale ni hadithi tu, lakini uvamizi ulitokea kweli. Mwaka 1241 mji uliteketezwa. Mwaka 1257 mtawala Bolesław wa Tano aliupa Kraków hadhi mpya kwa kufuata sheria za mji wa Magdeburg, ulioko katika Ujerumani ya leo, na mitaa ikapimwa upya. Katikati uliwekwa uwanja wa soko wenye kiasi cha mita 200 kila upande, mojawapo ya viwanja vikubwa kabisa vya zama za kati barani Ulaya. Ramani hiyo ndiyo inayomwongoza mgeni hadi leo.

Masoko mawili

Katikati ya uwanja limesimama jengo la Sukiennice, ukumbi wa wauza vitambaa, uliojengwa upya baada ya moto wa mwaka 1555. Chini huuzwa kaharabu, vinyago vya mbao na nguo za kutarizi, hasa kwa watalii. Juu, tangu mwaka 1879, kuna jumba la makumbusho ya sanaa.

Mwenyeji anayetafuta viazi hafiki hapo. Hufuata mtaa wa Floriańska, hupita chini ya lango la kale na bustani ya Planty, iliyopandwa katika karne ya 19 mahali palipobomolewa kuta za mji, kisha huingia soko la Stary Kleparz. Huko hununua jibini, uyoga, maua na matango yaliyochachushwa.

Madhabahu iliyoporwa

Ndani ya Kanisa la Mtakatifu Maria kuna madhabahu ya mbao yenye urefu wa takriban mita 13. Ilichongwa kati ya mwaka 1477 na 1489 na Veit Stoss, msanii Mjerumani aliyehamia Kraków kutoka Nuremberg. Ujerumani ya Kinazi ilipoivamia Poland mwaka 1939, madhabahu hiyo iliporwa na kupelekwa Nuremberg. Ilipatikana baada ya vita na kurejeshwa Poland mwaka 1946.

Tofauti na Warsaw, uliogeuzwa kifusi, Kraków haukubomolewa. Wanazi waliufanya makao makuu ya utawala wao, na gavana wao, Hans Frank, aliishi katika kasri la wafalme la Wawel. Majengo yalibaki.

Mitaa iliyopoteza wenyewe

Hasara kubwa ilikuwa ya watu, na inaonekana Kazimierz, kusini mwa kasri hilo. Kwa karne kadhaa mtaa huu ulikuwa kitovu cha maisha ya Wayahudi wa Kraków. Kabla ya vita walizidi 60,000, takriban robo ya wakazi wote wa mji. Wengi walifukuzwa mwaka 1940. Waliobaki walifungiwa mwaka uliofuata katika ghetto ya Podgórze, ng'ambo ya mto Vistula. Machi 1943 ghetto hiyo ilifutwa: wengine waliuawa mitaani, wengine wakapelekwa kambi za Płaszów na Auschwitz. Walionusurika walikuwa wachache.

Masinagogi saba ya kale bado yapo Kazimierz. Sinagogi la Remuh, la karne ya 16, bado ni mahali pa ibada, ilhali Sinagogi Kongwe ni makumbusho. Katika uwanja ambapo watu wa ghetto walikusanywa kabla ya kusafirishwa, viti vikubwa vya chuma vimepangwa wazi, bila wa kuvikalia.

Mwaka 1978 mji mkongwe wa Kraków, pamoja na Kazimierz, ulikuwa miongoni mwa maeneo 12 ya kwanza kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Sifa hiyo imeleta mamilioni ya wageni, na pamoja nao nyumba za kupangisha kwa siku chache na kelele za usiku. Tangu Julai 2023 maduka hayaruhusiwi kuuza pombe kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kraków umekwisha kujifunza kwamba kuta zinaweza kusalia huku wenyewe wakitoweka. Swali la sasa, ingawa ni jepesi kuliko lile la vita, ni nani atakayeendelea kuishi ndani ya kuta hizo.