Mwendo wa malori: Bugarama hadi Kibenga

Lori lenye shehena ya Kibenga, kusini mwa Bujumbura, likitoka Dar es Salaam kwa kawaida huingia Burundi kupitia Kobero. Hapo dereva hubadili upande: Tanzania huendesha kushoto, Burundi kulia. Kwa kuwa usukani wake uko kulia, anapotaka kulipita gari jingine haoni vizuri kilicho mbele. Kulipita kwenye kona ni kubahatisha.

Sehemu ngumu zaidi ni barabara ya RN1. Kutoka Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, barabara hushuka kwa kona nyingi hadi Bujumbura, mita zipatazo 770. Wapanda baiskeli huteremsha ndizi njia hiyo hiyo, na wakati wa kupanda hudandia malori kwa nyuma. Dereva na utingo wasipotazama vioo, mtu anaweza kufa bila wao kujua.

Mwendo ukiongezeka mara 2, nishati ambayo breki hulazimika kuimaliza huongezeka mara 4. Breki zikikanyagwa mfululizo huchemka na kuacha kushika. Kanuni ya madereva wazoefu ni kushuka kwa gia ya kupandia, na kutoweka nyutro ili kuokoa mafuta.

Wenye mizigo nao wapunguze simu za kuhimiza. Katika kilomita 30, mwendo wa 60 badala ya 40 kwa saa huokoa dakika 15 tu. Lori likipinduka, hupotea shehena, gari na roho za watu.