Kutoka Basra hadi Ughaibuni: Msamaha katika Adili na Nduguze

Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert inafuata kwa karibu kisa cha Abdallah bin Fadhil wa Basra katika Alfu Lela Ulela. Hata hivyo, tofauti ndizo zenye uzito. Khalifa Harun Rashidi anakuwa Rai, mfalme wa Ughaibuni. Ndugu waliogeuzwa mbwa wanakuwa manyani, nao wanaitwa kwa uovu wao: Hasidi na Mwivu. Katika kisa cha Kiarabu wanarudia hiana na kuuawa. Kwa Shaaban wanasamehewa na kurudishiwa utu. Majini na safari za baharini zinakuwa njia ya kuitakasa nafsi, dhana iliyo kiini cha usufii. Kuiita kazi hii nakala ni kuupuuza msamaha huo, ambao ndio ubunifu wake.